Kugeuza Orodha ya Rejea Kuwa Msaada wa Viungo: Ulipie Nini, Uache Nini

Kila mwandishi wa programu aliyedumu kazini ana orodha yake. Ni faili la maandishi matupu lenye misimbo ya makosa, majina ya huduma, anwani za kumbukumbu, na amri ambazo hakuna anayekumbuka mpangilio wake. Ilianza na mistari ishirini. Sasa ina maelfu, na kila mgeni ofisini hutumiwa nakala na kuambiwa atafute mwenyewe. Ndipo mtu mmoja husema: kwa nini tusiigeuze iwe msaada wenye viungo, ili mtu abonyeze neno na kupelekwa panapohusika? Wazo ni zuri. Tatizo huanza pale ofisi inapokimbilia kulinganisha bei za programu kabla haijajua inalipia kitu gani.

Nianze na jambo ambalo wauzaji hawalipendi: programu ya kugeuzia ndiyo sehemu nafuu kuliko zote, na nyingi ni za bure. Fedha huishia kwenye mambo mawili ambayo hayatajwi kwenye tangazo lolote. La kwanza ni kuunganisha ingizo moja na jingine. La pili ni kuhama, siku ambapo muundo uliouchagua utakapoachwa na wenyewe waliouunda. Nitapima kila chaguo kwa hayo mawili, leseni ije baadaye.

Kipimo chetu

Orodha ninayoichukua kama kipimo ni Ralf Brown's Interrupt List. Ralf Brown, mtaalamu wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh, Marekani, aliikusanya na kuigawa bure enzi za DOS, huku wasomaji wakimtumia nyongeza na masahihisho. Toleo la mwisho, la 61, lilitoka Julai 2000. Kuna pia kitabu kilichotokana nayo, PC Interrupts, alichokiandika pamoja na Jim Kyle, kikachapishwa na Addison-Wesley mwaka 1991 na tena mwaka 1994.

Orodha yenyewe inaeleza namna programu inavyoomba huduma kwenye mashine za jamii ya IBM PC. Unaweka namba kwenye rejista, unaita interapti, mfumo unatekeleza. Interapti 21 ndiyo ya DOS: ukiiita huku rejista AH ina 09h, huandika maneno kwenye skrini mpaka ikutane na alama ya dola; 3Dh hufungua faili, 3Eh hulifunga, 4Ch humaliza programu na kurudisha hatamu kwa DOS. Ongeza hapo kadi za mtandao, vipanya, hata virusi, utapata megabaiti kadhaa za maandishi yaliyokatwa vipande: INTERRUP.A, INTERRUP.B na kuendelea.

Nimeichagua kwa sababu moja. Orodha hii imepitishwa kwenye miundo ya msaada karibu yote iliyopata kuvuma: Norton Guides, QuickHelp ya Microsoft, Windows Help, kisha HTML. Programu za kuigeuza zilisambazwa pamoja nayo. Kwa hiyo tunaweza kuona, bila kubahatisha, kila muundo ulidai nini na uliishia wapi.

Unacholipia hasa ni viungo

Tuseme una orodha ya maingizo 3,000, na kila ingizo linarejea mengine manne. Hivyo ni viungo 12,000. Mtu mwepesi akitumia sekunde 20 kwa kila kiungo, inakuwa saa 67 hivi, yaani zaidi ya wiki moja na nusu ya kazi bila kunyanyuka kitini. Orodha ikibadilika mwezi ujao, anarudia. Kwa hiyo mtu akikuletea makadirio ya bei yanayotegemea viungo kuwekwa kwa mkono, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine. Kazi hii ni ya skripti, iwe ya Python, Perl au AWK.

Lakini skripti haisomi mawazo. Inahitaji orodha yenye nidhamu, na hapa Brown anastahili sifa. Kila ingizo lake linatanguliwa na mstari wa vistari wenye herufi ya kundi na namba ya huduma: D ni ya DOS, V ni ya mambo ya skrini, N ni ya mtandao. Marejeo yote huanza na neno lile lile, SeeAlso. Majedwali yana namba za tarakimu tano, na maelezo yanapolitaja jedwali huweka alama ya # mbele ya namba hiyo. Skripti fupi inaweza kuyaokota yote hayo bila kuelewa hata kidogo DOS ni nini.

Hata hivyo kuna mitego, na mitego hii ndiyo hutofautisha kazi ya bei poa na kazi nzuri. Rejeo linaloandika AH=3Eh peke yake halisemi ni la interapti gani; maana yake ni interapti ile ile tunayoisoma sasa, kwa hiyo skripti lazima ikumbuke iko wapi. Mtego wa pili ni mkali zaidi. Interapti 2F ilikuwa kama barabara ya wote: kampuni nyingi ziliitumia, na namba moja iliweza kudaiwa na bidhaa mbili au tatu zisizojuana. Brown alizitenganisha kwa kuweka kipande cha jina ndani ya alama za kunukuu mwishoni mwa rejeo. Skripti ya haraka hupuuza alama hizo, na matokeo yake ni viungo vinavyofunguka vizuri kabisa, lakini kwenye bidhaa nyingine. Afadhali kiungo kilichokatika, maana hicho hujitangaza. Kile kinachokupeleka pasipo pake utakiamini.

Kwa orodha yenye nidhamu kama hii, mtu anayeijua kazi huandika skripti kwa siku chache. Kwa orodha ya ofisi iliyoandikwa na watu sita kwa mitindo sita, usafi peke yake unaweza kula muda mrefu kuliko ugeuzaji. Ndiyo maana nashauri mkataba ugawanywe mara mbili: malipo ya kwanza kwa kusafisha orodha na kulipatia kila ingizo kitambulisho cha kudumu kisichobadilika hata kichwa kikibadilika, malipo ya pili kwa kugeuza. Kazi ya kwanza inabaki mali yako hata kama fundi wa pili atakukimbia.

Miundo iliyokwisha kufa

Norton Guides ilitoka mwaka 1985 kwa kampuni ya Peter Norton. Ilikaa kwenye kumbukumbu ya mashine ikisubiri. Ukibonyeza funguo zake ukiwa katikati ya kuandika programu, dirisha la msaada lilifunguka juu ya kazi yako. Kwa kasi, sijaona msaada wa leo unaoishinda. Gharama yake ilikuwa kumbukumbu, bidhaa adimu wakati ule ambapo DOS iligawa kilobaiti 640 kwa programu zote. Pia viungo vyake vya rejea vilikaa kwenye orodha ya juu ya skrini, si ndani ya sentensi. Leo unahitaji DOSBox au programu za kusomea zilizotengenezwa na wapenzi wa mambo ya kale. Kama hukusanyi mashine za zamani, pita.

Windows Help ilikuja na Windows 3.0 mwaka 1990, na namna ya kuiandaa ilikuwa kituko. Uliandika katika faili la RTF, kwa kawaida ukitumia Word, halafu ukaweka tanbihi: tanbihi ya alama # ilibeba kitambulisho cha mada, ya alama ya dola ilibeba kichwa, ya herufi K ilibeba maneno ya faharasa. Neno la kiungo lilipigiwa mistari miwili chini, na mara baada yake ukaandika kitambulisho cha mada unayoiendea kwa maandishi yaliyofichwa. Kukosea alama moja kulitosha kuharibu mada nzima. Skripti iliweza kuzalisha RTF ya namna hiyo, na zilikuwepo zilizofanya hivyo, ila kurekebisha kwa mkono kulikuwa adhabu.

Ofisi nyingi zilikubali adhabu hiyo kwa sababu Windows ilikuwa kila mahali. Kisha Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, ilikuja bila programu ya kusomea mafaili ya msaada huo, yaani ya HLP. Microsoft iliiweka pembeni ipakuliwe kwa Vista, kwa Windows 7 na kwa Windows 8. Windows 10 haikupewa. Aliyekuwa bado na maandishi yake ya asili aligeuza upya akaendelea. Aliyebaki na faili la HLP tupu alilazimika kutumia programu iitwayo helpdeco kulifumua lirudi RTF, kisha aanze kusafisha. Hiyo ndiyo gharama ya kuhama ninayoisema, na hulipwa na mtu ambaye hakuwepo wakati uamuzi unafanywa.

CHM: bado inapumua, lakini kwa masharti

Mrithi wa Windows Help ni HTML Help ya mwaka 1997, yenye mafaili ya CHM. Kwa orodha ya rejea ina mvuto: kila kitu kimo ndani ya faili moja lililobanwa, yaliyomo yapo kushoto, faharasa ipo, na utafutaji wa neno lolote haudai intaneti. Kompaila yake, HTML Help Workshop, ilitolewa bure. Unaandaa kurasa za HTML, unaongeza faili la mradi, la yaliyomo na la faharasa, unabonyeza, basi. Windows 11 bado inafungua CHM bila kusakinisha chochote.

Masharti ndiyo haya. Microsoft haiendelezi tena zana hiyo. Tangu sasisho la usalama la mwaka 2005, CHM iliyowekwa kwenye folda ya pamoja ya mtandao wa ofisi huonyesha yaliyomo upande mmoja huku ukurasa wenyewe ukibaki mtupu, na watu hudhani faili limeharibika. Ukiipakua kutoka intaneti, lazima uifungulie kizuizi kwenye sifa za faili kwanza. Gmail haikubali kabisa kiambatisho cha CHM, kwa kuwa wahalifu wameutumia sana muundo huo kusafirisha programu hasidi. Na kwa mwenye simu au Mac ni lazima kutafuta programu nyingine.

Kwenye gharama ya kuhama, hata hivyo, CHM ni muungwana. Hata 7-Zip huifungua, na kurasa zako za HTML zinatoka kama zilivyoingia. Ofisi yenye kompyuta za Windows tupu, inayonakili faili kwa flashi kwenda kila mashine, haitapotea ikiichagua. Mimi ningeiona kama nakala ya ziada tu, nyumba kuu iwe kwingine.

HTML ya kawaida, na zana za kuizalisha

Nyumba kuu hiyo ni folda ya HTML. Kila kifaa chenye kivinjari kinaisoma, na tangu miaka ya 1990 hakuna aliyethubutu kuiondoa. Swali ni uizalishe kwa zana gani, na hapa kuna mbili zinazotajwa sana: Sphinx na MkDocs. Zote ni za bure na za chanzo huria.

Sphinx ilitolewa mwaka 2008 kwa ajili ya nyaraka za lugha ya Python, na bado ndiyo inayozizalisha. Ni nzito kujifunza. Lugha yake ya uandishi, reStructuredText, haina huruma na nafasi tupu zilizokosewa. Lakini kwa kazi yetu ina jambo ambalo nalithamini kuliko uzuri wa kurasa: kiungo kikielekea kwenye kitambulisho kisichokuwepo, inalalamika, na unaweza kuiamuru igome kabisa kutoa kurasa mpaka utakaporekebisha. Kwa viungo 12,000, mlinzi wa namna hiyo anaokoa mshahara wa mtu. Kutoka chanzo kile kile hutoa pia EPUB, PDF kupitia LaTeX, na hata mafaili ya kutengenezea CHM.

MkDocs hutumia Markdown, ambayo mtu huizoea asubuhi na kuitumia mchana. Kurasa zake zinapendeza. Tatizo lake hujulikana umechelewa: ukimpa mtu folda kwenye flashi aifungue moja kwa moja kutoka kwenye diski, utafutaji hauendi, maana vivinjari huzuia kupakia faharasa kwa njia hiyo. Inahitaji seva, hata ndogo. Faharasa ya Sphinx hufanya kazi hata kutoka kwenye flashi. Kwa timu yenye seva yake na waandishi wasiopenda usumbufu, MkDocs inatosha. Kwa msaada utakaozunguka mikononi mwa watu, Sphinx.

Neno moja kwa wanaoandika maelezo kwa Kiswahili. Utafutaji wa zana hizi umejengwa kwa lugha zinazobadilika mwishoni mwa neno, na Sphinx haina kanuni za Kiswahili kwenye orodha ya lugha zake. Anayetafuta "fungua" hataletewa "imefunguliwa". Dawa ni faharasa ya mkono: kila ingizo lipewe maneno matatu au manne ambayo mtu angeyatumia kulitafuta. Tenga muda wa kazi hiyo kwenye makadirio, kwa sababu hakuna skripti itakayoifanya vizuri.

Bando analipa nani?

Mtandaoni ndiko rahisi kwa mwenye msaada. Kwa msomaji, kila ukurasa ni data, na umeme ukikatika na Wi-Fi ya ofisi huondoka nao. Zipo njia mbili za kumpa nakala nzima akae nayo.

Zeal, ya bure kwa Windows na Linux, imeundwa kwa ajili ya waandishi wa programu. Unaandika herufi chache, ingizo linatokea papo hapo. Hapa ndipo ile kasi ya Norton Guides inarudi. Seti yake ya nyaraka ni folda ya HTML pamoja na kanzidata ndogo ya SQLite yenye jina la ingizo, aina yake na njia ya kulifikia. Skripti iliyozalisha kurasa inaweza kuijaza kwa mistari michache ya ziada. Wenye Mac hutumia Dash, ambayo ni ya kulipia, kwa muundo huo huo.

Njia ya pili ni ZIM, muundo unaosomwa na Kiwix, programu iliyoanza mwaka 2007 kwa lengo la kuwafikishia Wikipedia watu wasio na intaneti. Folda yako ya HTML inakuwa faili moja lililobanwa, lenye utafutaji ndani, linalosomwa kwenye Android, Windows na Linux. Ukitaka, kompyuta ndogo kama Raspberry Pi inaweza kulihudumia jengo zima kupitia Wi-Fi bila bando hata moja. Kasoro ni kwamba kusahihisha neno moja kunamaanisha kutengeneza faili zima upya na kulisambaza tena, na zana ya kulitengeneza humtaka mtu asiyeogopa Linux. Kwa orodha inayobadilika mara mbili kwa mwaka, si neno.

Zana za kulipia

RoboHelp, Flare ya MadCap, Help & Manual na wenzake ni bidhaa za kweli, zina wateja wake. Mahali zinapostahili bei ni pale waandishi si watu wa programu, mwongozo mmoja hutolewa kwa matoleo kadhaa ya bidhaa, na tafsiri zinasimamiwa na watu wengi. Orodha ya rejea haina hayo. Maingizo yake yanafanana, yanajirudia kwa umbo, na skripti huyapenda hivyo. Kununua zana hizo kwa orodha tu ni kukodi lori kubeba bahasha.

Angalia pia historia ya umiliki. RoboHelp ilizaliwa kwenye kampuni ya Blue Sky Software, iliyokuja kuitwa eHelp; Macromedia ikaichukua mwaka 2003, na Adobe ikaimeza Macromedia mwaka 2005. Mwaka huo huo baadhi ya waliokuwa wakiijenga walianzisha MadCap. Kila mabadiliko ya namna hiyo huwapa wateja wasiwasi, na zana hizi siku hizi huuzwa zaidi kwa usajili wa dola. Shilingi ikiteleza, bei inapanda bila muuzaji kubadilisha kitu. Kabla ya kutoa kadi, muulize muuzaji: usajili ukikoma, mradi wangu nitaufungua kwa nini? HelpNDoc ina toleo la bure kwa matumizi binafsi, ila soma masharti yake kabla ya kulipeleka kazini.

Orodha ndogo usiisumbue

Si kila orodha inahitaji haya yote. Timu inayounganisha malipo ya M-Pesa kupitia Daraja ya Safaricom huwa na orodha yake ya misimbo ya majibu: 0 malipo yamefanikiwa, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu yake haikupatikana. Hata ukiongeza maelezo ya nini cha kufanya kwa kila msimbo, ukurasa mmoja wa HTML wenye viungo vya ndani unatosha. Unaandikwa kwa Markdown, unapitishwa kwenye Pandoc, kazi imekwisha kabla ya chakula cha mchana. Ukurasa huo ukikuzidi kimo, ndipo ufikirie Sphinx.

Na kama orodha si yako, soma haki zake kwanza. Kupakua bure si sawa na ruhusa ya kuibadilisha umbo na kuigawa. Orodha ya Brown yenyewe ina hakimiliki.

Hukumu yangu

Weka chanzo katika maandishi matupu, safi, yenye vitambulisho vya kudumu, na ukihifadhi kwenye Git. Zalisha HTML kwa Sphinx. Wanaoandika programu wape seti ya Zeal, walio mbali na intaneti wape ZIM, na wale wa Windows tupu uwatolee CHM kama nyongeza. Leseni za yote hayo ni sifuri; fedha zako zielekee kwa mtu atakayesafisha orodha. Kabla hujamlipa, mpe maingizo hamsini ya majaribio, uchague yale yaliyoandikwa vibaya kuliko yote, na umtake alete vitu vitatu: kurasa zinazofunguka bila intaneti, orodha ya viungo vilivyoshindikana, na skripti yenyewe. Akikuletea kurasa peke yake, usisaini.